Kutoka vichekesho hadi tamthilia nzito: mwongozaji wa televisheni huvuka vipi?

Swali: "Nimekuwa mwongozaji msaidizi wa vichekesho vya televisheni kwa miaka kadhaa, na sasa nimeanza kupewa sehemu zangu mwenyewe za kuongoza. Moyo wangu uko kwenye tamthilia nzito. Wenzangu wananiambia nikishazoeleka kwenye vichekesho sitatoka huko. Isitoshe, wanasema mwongozaji wa televisheni ni mtu wa kupanga foleni ya kamera tu, kwa kuwa kazi ni ya mwandishi. Je, wana haki? Na kama inawezekana kuvuka, watu huvukaje?"

Wenzako wamechanganya mambo mawili. Hilo la kwamba kazi ni ya mwandishi lina ukweli mwingi, na ni heri ulikubali mapema kabla halijakuumiza. Hilo la kwamba ukizoeleka kwenye vichekesho hutoki tena, historia ya televisheni inalikanusha waziwazi. Ila njia ya kutoka si ile wanayoidhania wengi, ya kuvikimbia vichekesho na kuanza kujitambulisha kama mtu wa mambo mazito. Waliovuka vizuri walivuka na kile walichojifunza kwenye vichekesho, na kitu chenyewe si ufundi wa utani.

Tuanze na suala la mamlaka tulimalize. Katika sinema, filamu huhesabiwa kuwa ya mwongozaji. Katika televisheni, hasa ya Marekani, neno la mwisho ni la mtayarishaji mkuu, ambaye aghalabu ndiye aliyeibuni tamthilia na ndiye anayesimamia chumba cha waandishi. Hakuna fumbo hapo, ni hesabu ya muda tu. Msimu wa sehemu 22 humshinda mwongozaji mmoja wa tamthilia ya saa nzima, kwa sababu siku ile ile sehemu moja iko mbele ya kamera, nyingine inaandaliwa, na ya tatu iko kwa mhariri. Kwa hiyo waongozaji hupokezana, mwandishi hubaki. Anayebaki ndiye anayekumbuka mhusika fulani alidanganya nini sehemu nane zilizopita, na ndiye anayejua uongo huo utafichuka lini. Wewe unaingia kama mgeni: waigizaji wanawajua wahusika wao kuliko wewe, seti imeshajengwa, rangi ya picha imeshaamuliwa.

Uingereza walikuwa na desturi tofauti kidogo. Pale BBC, kwa miongo mingi, mtayarishaji na mwongozaji wa vichekesho mara nyingi alikuwa mtu mmoja. David Croft aliiandika Dad's Army pamoja na Jimmy Perry kuanzia 1968, akaitayarisha mwenyewe na kuongoza sehemu zake nyingi. Lakini hata huko mikono ilibadilishana bila kelele. Fawlty Towers ina sehemu 12 tu. Sita za 1975 ziliongozwa na John Howard Davies, na sita za 1979 zikaongozwa na Bob Spiers. Mtazamaji wa kawaida hawezi kukuambia tofauti iko wapi. Wapo wanaoliona hilo kuwa ushahidi kwamba mwongozaji hana maana. Mimi naliona kuwa ushahidi kwamba Spiers aliijua kazi yake.

Tena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kikundi kilichokwisha kufanya sehemu 60 pamoja hujenga mazoea ambayo chenyewe hakiyaoni: mwigizaji hukaa kiti kile kile, ugomvi huanzia jikoni na kuishia mlangoni kila wiki, mhusika mkali hupandisha sauti hata pale ambapo kunong'ona kungetisha zaidi. Mwongozaji anayeingia na macho mapya huyaona hayo siku ya kwanza. Akiwa na busara, huyavunja mawili au matatu bila kuivunja tamthilia yenyewe. Kazi hiyo haionekani kwenye majina ya mwishoni, lakini mtayarishaji mkuu huiona, na ndiyo humfanya amwite mtu huyo tena msimu unaofuata.

Sasa hili la foleni ya kamera. Aliyekuambia hivyo pengine amemwona mwongozaji siku ya kurekodi tu. Kwenye vichekesho vya kamera nyingi, siku hiyo kazi kubwa huwa imekwisha. Wewe unalijua hili kwa sababu umekuwa msaidizi, lakini nitalieleza kirefu kwani ndani yake ndimo limo jibu la swali lako.

Mtindo huo ulipata sura yake mwaka 1951 kwa I Love Lucy: kamera 3 za filamu zikipiga kwa pamoja mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini, huku mpigapicha mkuu, Karl Freund, akiweka taa kwa namna itakayozifaa kamera zote kwa wakati mmoja. Aliyeongoza msimu wa kwanza ni Marc Daniels. Likumbuke jina hilo, nitalirudia. Kutoka hapo, ratiba ya juma moja ya vichekesho vya aina hii haijabadilika sana. Siku ya kwanza waigizaji huusoma mswada mezani. Siku mbili zinazofuata ni mazoezi bila kamera. Kila jioni waandishi huja kuangalia, hurudi chumbani kwao, na asubuhi kurasa mpya zinakungoja. Utani uliouhangaikia jana haupo tena. Siku ya nne kamera huingia na kila mpiga kamera hupewa orodha ya shoti zake. Siku ya tano watazamaji wanakaa kwenye viti, na mnacheza.

Angalia mwongozaji anafanya nini siku ya pili na ya tatu, kabla kamera haijasogezwa. Anaamua nani anasimama wapi, nani anamwona nani, nani ana kitu mkononi. Kwa mtu wa nje hayo ni mambo madogo. Lakini kichekesho cha televisheni hakimaliziki kwa anayesema; humalizikia kwa anayesikia. Mume akitamka jambo la kipumbavu, kicheko hakiji mpaka tuuone uso wa mke. Kama umemsimamisha mke akiupa mlango mgongo wakati mume anaingia, umekiua kicheko hicho, na hakuna mwandishi wala mhariri atakayekifufua. Na kama umempa mke kazi ya kukunja nguo, akakunja, akasita, kisha akaendelea kukunja polepole, umepata kicheko ambacho hakikuandikwa.

Mtu aliyelifanya hili kwa muda mrefu na kwa mafanikio makubwa ni James Burrows, aliyezaliwa 1940. Baba yake, Abe Burrows, alikuwa mwandishi na mwongozaji wa michezo ya jukwaani, na mwana akaanzia huko huko, kwenye usimamizi wa jukwaa. Televisheni aliingia katikati ya miaka ya 1970 kupitia kampuni iliyotengeneza The Mary Tyler Moore Show, na kabla ya kukabidhiwa sehemu ya kuongoza alikaa akimtazama Jay Sandrich akifanya kazi. Sandrich naye, miaka ya 1950, alikuwa mwongozaji msaidizi kwenye I Love Lucy. Unaona mnyororo: ufundi huu haukusomwa vitabuni, ulipitishwa mtu kwa mtu, sakafuni. Baadaye Burrows akaongoza sehemu nyingi za Taxi, akabuni Cheers mwaka 1982 pamoja na ndugu wawili, Glen na Les Charles, akaongoza sehemu ya kwanza ya Friends mwaka 1994, na akaongoza kila sehemu ya Will & Grace. Kufikia 2015 alikuwa ametimiza sehemu 1,000 za televisheni.

Burrows anajulikana kwa jambo moja ambalo nataka ulichukue. Wakati wa kurekodi, badala ya kuganda mbele ya skrini, hutembea nyuma ya kamera akisikiliza. Anaamini picha ameshaipanga. Kilichobaki ni mdundo. Sikio humwambia kama mwigizaji amewahi nusu sekunde, kama amekisubiri kicheko kimalizike au amekirukia. Mwongozaji anayesikiliza namna hiyo hapangi foleni ya kamera. Anaupima wakati ukiwa hai, mbele yake, na hana njia ya kuurekebisha baadaye isipokuwa kurudia onyesho lote.

Hicho ndicho unachovuka nacho: uwezo wa kulishika onyesho zima likiwa linachezwa mwanzo hadi mwisho, na kujua uzito wake unaangukia kwa nani. Ufundi huo hauna aina. Msiba nao humalizikia kwa anayesikia.

Tazama sasa waliovuka. Marc Daniels, yule wa I Love Lucy ya 1951, ndiye aliyeongoza The Man Trap, sehemu ya Star Trek iliyorushwa kwanza kabisa Septemba 1966, na akaendelea kuwa mmoja wa waongozaji walioitwa mara nyingi kwenye tamthilia hiyo. Kampuni ilikuwa ile ile, Desilu, na nadhani watu wa ofisini hawakuona ajabu yoyote kumtoa mtu kwenye sebule ya Lucy na kumweka kwenye chombo cha angani. Ida Lupino, mwigizaji aliyegeuka mwongozaji wakati wanawake katika kazi hiyo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, aliongoza Gilligan's Island na Bewitched, ambazo ni vichekesho vitupu, na ndiye mwanamke pekee aliyeongoza sehemu ya The Twilight Zone ya awali, The Masks ya 1964, ambayo haina kicheko hata kimoja. Robert Butler yeye alikuwa bingwa wa kuanzisha: aliongoza sehemu za majaribio (zile za kwanza, zinazopigwa ili stesheni iamue kama itaichukua tamthilia) za Hogan's Heroes, Batman, Star Trek (ile ya kwanza iliyokataliwa na stesheni ya NBC), Hill Street Blues mwaka 1981 na Moonlighting mwaka 1985. Kichekesho cha kambi ya wafungwa wa vita na tamthilia ya polisi iliyobadilisha sura ya televisheni ya Marekani vilipita kwenye mkono mmoja.

Kwa Butler nisimame kidogo, kwa sababu sehemu ya majaribio ndiyo mahali pekee ambapo mwongozaji wa televisheni anakaribia mamlaka ya mwongozaji wa sinema. Anakuwepo wakati wa kuchagua waigizaji. Anaamua seti ijengwe vipi, kamera itikisike au itulie, watu wapokezane maneno au waingiliane. Kwenye Hill Street Blues alitaka picha chafu: kamera ya mkononi, watu wakipita mbele ya anayezungumza, sauti zikigongana. Waliomfuata wote waliirithi sura hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia mwongozaji wa televisheni haachi alama, muulize anamzungumzia mwongozaji wa sehemu ya kwanza au wa sehemu ya kumi na nne. Ni kazi mbili tofauti zenye jina moja.

Mfano wa kuvuka unaonishawishi kuliko yote ni wa Thomas Schlamme. Mwaka 1999 alipata tuzo ya Emmy ya uongozaji wa vichekesho kwa sehemu ya kwanza ya Sports Night, tamthilia fupi ya nusu saa kuhusu watu wa kipindi cha michezo. Mwaka 2000 akapata Emmy ya uongozaji wa tamthilia kwa sehemu ya kwanza ya The West Wing, kuhusu watu wa ikulu ya Marekani. Mwandishi wa zote mbili ni Aaron Sorkin. Ukizitazama moja baada ya nyingine utaona kwamba Schlamme hakubadilisha mkono. Watu wanatembea wakizungumza kwa kasi, kamera inarudi nyuma mbele yao, mmoja anatoka mlango huu na mwingine anaingia mlango ule katikati ya sentensi. Kwenye Sports Night stesheni ililazimisha vicheko vya kubandikwa, na vinasikika kama kelele za jirani. Kwenye The West Wing havipo, na mtindo ule ule umekuwa tamthilia nzito.

Wa karibu zaidi na wakati wetu ni Mark Mylod. Huyu alilelewa na vichekesho vya Uingereza vya miaka ya 1990, akaongoza msimu wa kwanza wa The Royle Family mwaka 1998, tamthilia ya familia iliyokaa sebuleni ikitazama televisheni, bila vicheko vya ukumbini, ambamo karibu hakuna kinachotokea. Baadaye alikwenda Marekani, akaongoza Entourage, Shameless, Game of Thrones, na kisha sehemu nyingi za Succession. Connor's Wedding, sehemu ya Succession iliyorushwa Aprili 2023, ilimpa Emmy ya tamthilia. Ndani yake watoto wa tajiri wako kwenye boti ya harusi wanapopigiwa simu kwamba baba yao amezidiwa akiwa ndani ya ndege. Baada ya kulipiga onyesho hilo vipande vipande, walilicheza lote kwa mfululizo, takriban nusu saa bila kukata. Tamthilia hiyo ilipigwa kwa filamu, na kasha moja la filamu huchukua dakika kumi hivi, kwa hiyo ilibidi wafiche kamera ya ziada na makasha ndani ya boti, ili kamera moja ikipakiwa filamu mpya nyingine iendelee.

Sasa fikiri: nani angewaza kwamba maonyesho haya yachezwe kwa mfululizo, waigizaji wakipita vyumba na ngazi, simu ikipokezanwa mkono kwa mkono, kamera zikitafuta uso wa anayesikia? Mtu aliyekaa miaka na watu wanaocheza onyesho zima kwa pumzi moja. Na unaposikiliza anayezungumza kwenye simu ile, utagundua kwamba maneno yake ni machache na ya ovyo. Hutamka tu kinachomjia. Uzito wote uko kwenye nyuso za wenzake wanaongoja zamu ya kushika simu. Ni jiometri ile ile ya The Royle Family, watu wengi wamebanana, jicho likihamia kwa asiyesema.

Hayo ni ya kukutia moyo. Sasa ya kukupunguzia kiburi, kama unacho.

Kuna kitu vichekesho vya kamera nyingi havikukufundisha, nacho ni kuchagua. Umezoea kamera 4 zikikupa pembe 4 kwa mpigo. Kwenye tamthilia ya kamera moja au mbili, kila pembe ni taa mpya, muda mpya, na mwigizaji kulia upya. Tamthilia ya saa moja ya stesheni za Marekani hupigwa kwa siku 8 hivi, na mwongozaji hupewa siku zinazokaribia idadi hiyo za kujiandaa. Katika siku hizo 8 kuna kurasa 50 au zaidi, zikipigwa bila mpangilio wa hadithi: asubuhi mazishi, mchana siku wapendanao walipokutana. Hakuna ukumbi wa kukuambia umefika au hujafika. Unapaswa kukumbuka mwenyewe kwamba mwanamke huyu anayelia saa nne asubuhi, kwenye hadithi hajajua bado kwamba amesalitiwa, kwa hiyo kilio chake hakipaswi kuwa na hasira.

Halafu swali la kila saa: shoti ipi sihitaji? Mwongozaji mgeni kwenye tamthilia hukusanya kila kitu kwa woga, shoti pana, ya kati, ya karibu, ya begani, kwa kila mzungumzaji. Saa sita mchana yuko nyuma ya ratiba, na onyesho kubwa la siku, lililopangwa mwisho, linapigwa kwa haraka na uchovu. Mzoefu anajua kwamba onyesho la kufungua barua linahitaji shoti 2, na anautunza muda wake kwa ajili ya ugomvi wa jioni. Ujuzi huu hauji kwa kutazama tamthilia nyingi; huja kwa kukaa na mhariri. Kama una rafiki mhariri, mwombe akuonyeshe picha zote za onyesho moja ambazo hazijakatwa, kisha akuonyeshe alichotumia.

Kabla ya kupiga picha kuna kikao ambacho kwenye vichekesho pengine hukukizoea kwa umbo hili. Mwongozaji hukaa na mwandishi, nao huupitia mswada onyesho kwa onyesho, mwandishi akieleza kila moja lina lengo gani na sauti gani: hapa anajua, hapa hajui, hapa anatania ili asilie. Nenda na maswali, usiende na picha ulizochora. Mwandishi akiona umegundua kwamba kilichopandwa kwenye onyesho la ukurasa wa 12 kinavunwa ukurasa wa 41, hatakuuliza tena kama wewe ni mtu wa vichekesho.

Baada ya kupiga picha, mkataba wa chama cha waongozaji wa Marekani, DGA, humpa mwongozaji wa tamthilia ya saa nzima siku 4 za kutoa mkato wake, yaani sehemu hiyo ikiwa imehaririwa atakavyo yeye. Kisha watayarishaji huchukua na kufanya wapendavyo. Kubali. Ila usizitupe siku hizo 4 kwa kuona kwamba watabadilisha tu, kama wafanyavyo wengi. Mkato wako ndio unaoonyesha kwa nini uliipiga ulivyoipiga.

Sasa unavukaje kwa vitendo? Lebo ipo, sikufichi. Anayeajiri hutazama kazi yako ya mwisho na kuuliza kama inafanana na yake. Si dharau, ni woga: siku moja ya ziada kwenye tamthilia ya saa nzima ni fedha nyingi, na yeye ndiye atakayeulizwa. Unachotafuta ni kazi ya katikati itakayompunguzia woga huo.

Daraja la zamani lililo zuri kuliko yote ni M*A*S*H, iliyoanza 1972: nusu saa, ikahesabiwa vichekesho, ikapigwa kwa mtindo wa sinema, na hadithi yake ni madaktari vitani. Jackie Cooper alipata Emmy ya vichekesho kwa kuongoza sehemu yake moja, kisha mwaka 1979 akapata Emmy nyingine kwa tamthilia, The White Shadow. Gene Reynolds, mmoja wa walioiasisi M*A*S*H kwenye televisheni, alitoka hapo akaenda kushiriki kuibuni Lou Grant mwaka 1977. Na Lou Grant yenyewe ni kioja: mhusika wa kichekesho cha nusu saa, bosi wa chumba cha habari kwenye The Mary Tyler Moore Show, alihamishiwa kwenye tamthilia nzito ya saa nzima kuhusu gazeti. Mwigizaji yule yule, Ed Asner, akashinda Emmy kwa mhusika mmoja upande wa vichekesho na upande wa tamthilia. Ukuta unaouogopa ni mwembamba kiasi hicho.

Siku hizi madaraja ni mengi zaidi, kwa sababu nusu saa ya kamera moja isiyo na vicheko imekuwa nyumba ya huzuni nyingi tu. Hiyo ndiyo kazi ya kuitafuta kwanza. Kama bado uko kwenye kamera nyingi, tafuta hata ile isiyo na ukumbi. How I Met Your Mother, ambayo karibu yote iliongozwa na Pamela Fryman kati ya 2005 na 2014, ilipigwa kwa kamera nyingi lakini bila watazamaji, kwa kuwa ilikuwa na maonyesho mengi mafupi na kurukaruka nyakati kusikowezekana mbele ya ukumbi. Mtu akitoka kwenye kazi ya namna hiyo anakuwa ameshajifunza nusu ya ninayokuambia.

La pili, shikamana na waandishi. Hili vijana wengi hawalioni, wanakimbilia kujuana na wakuu wa stesheni. Waandishi wa vichekesho nao huvuka, na wakivuka hukumbuka nani aliwaelewa. Jesse Armstrong aliyebuni Succession alitoka kwenye Peep Show. Craig Mazin alikuwa mwandishi wa filamu za kuchekesha kabla ya Chernobyl ya 2019. Schlamme na Sorkin walivuka pamoja. Yule mwandishi mdogo kwenye chumba chenu ambaye kila wiki hukatiwa onyesho lake la huzuni kwa sababu halichekeshi, kaa naye chai.

La tatu, mfuate mwongozaji mwingine akifanya kazi, kama Burrows alivyomfuata Sandrich. Hapa utakuta foleni, na mbele yako wako waigizaji. Alan Alda aliongoza M*A*S*H akiwa nyota wake, David Schwimmer aliongoza Friends. Usiwanung'unikie. Wanapata nafasi kwa sababu wameshakaa sakafuni miaka mingi, na wanajua wenzao wanachokihofia. Wewe umekaa sakafuni pia, ila upande wa pili wa kamera.

Kuhusu kipande cha kuonyesha kazi yako, usipige filamu fupi ya mvua na ukimya ili uonekane mzito. Chukua dakika 3 kutoka kwenye sehemu zako za vichekesho, zile ambazo hakuna anayecheka: mhusika anapoomba msamaha, anapogundua jambo, anapobaki chumbani na mtu asiyetaka kuwa naye. Karibu kila kichekesho kizuri kina onyesho moja kama hilo, na aghalabu huwekwa karibu na mwisho. Kama huna hata moja, basi wiki ijayo kwenye mazoezi litafute hilo kwanza, na ulitengee muda.

Wala usiache kazi uliyonayo kwa kungojea tamthilia. Mwongozaji asiyeongoza husahaulika haraka kuliko aliyewekewa lebo. Endelea na sehemu zako, na ukipata ruhusa ya kumfuata mwongozaji wa tamthilia kwenye siku zake 8, omba ukae pia siku mbili kwenye uhariri wake. Huko ndiko utakakoona ni shoti zipi alizozipigania sakafuni, kisha akaziacha zote.